Siku Mbelu Aliulizwa

Asubui ile Mbelu, bibi yangu, alikuwa anapepea moto ya mbabula mbele ya mulango. Moshi ikamuzunguka, nikamuona sawa mutu mwenye kusimama mu wingu. Akaniuliza: "Tata Agnès, unataka chai ao uji?"

"Leta chenye kiko."

Akacheka. "Unaona? Hata kuchagula haujui. Ulizeeka bure."

Muchana akalala ku kivuli ya nyumba. Hakuamuka tena.

Ile neno "unataka" haikukuwa ya nyumba yetu. Mutoto njo aliileta.

Mwaka jana, wakati ya baridi, binti yetu Agnès, mwenye kuolewa kule Mputu, mu Belgique, alitutumia mutoto wake kwa vacances ya masomo. Mutoto anabeba jina ya mama ya Mbelu: Kapinga. Kwetu, mwenye kubeba jina anabeba na heshima yake. Njo Mbelu, na mvi yake yote, alikuwa anamuita "mama".

Ule mama wa kweli alikufa kule Kasaji, Mbelu angali mudogo. Mbelu akakulia kwa mujomba. Mayi, kuni, batoto ya wengine ku mugongo. Alikuwa anasema: "Mi hawakunilea. Balinituma."

Siku ya kwanza akaweka bukari, ugali yetu, na majani ya sombe, sahani moja, batoto ya jirani bakazunguka. Kapinga akakaa na mikono ku magoti, anaangalia tu.

"Kula, mama."

Hakugusa. Kesho yake vile vile. Biscuits ya safari ikaisha. Agnès akapiga simu: shemeji yake Gaston alikuwa Lubumbashi, anarudia Mputu siku ya posho, samedi. Kama mutoto hajakula, atarudia naye.

Mbelu alingojea ule mutoto tangu azaliwe. Akashika simu na mikono mbili.

"Agnès, njala haina kiburi. Atakula."

"Mama, mulimuuliza anataka nini?"

"Kumuuliza? Ye ni mugeni? Mutoto banamupatia!"

"Huku banauliza, mama. Hata ku masomo: unataka kuchora, ao kuimba, unataka kuikala na nani. Asipoulizwa, anaona kitu ni ya wengine. Nilimufundisha asikamate ya wengine."

Mbelu akakata simu. Akacheka mupaka machozi.

"Tata Agnès, unasikia? Mutoto anafunga juu ya adabu!"

Akaenda akachuchumaa mbele yake. "Mama Kapinga, unataka nini?"

Mutoto akaonyesha sahani. "Ile. Na mikono, sawa bale."

Akakula, akaongeza, akalamba vidole. Siku ya posho Gaston akaenda yeye peke.

Toka pale Mbelu akaanza kuuliza kila mutu. Mado, jirani, akasimama ku mulango ya lupango anatucheka: "Mama Mbelu, na kuku utaiuliza kama inataka mafuta ao supu?"

"Nitaiuliza! Na itajibu: kila kitu, lakini hapana ku nyungu ya Mado!"

Siku moja, mbele mutoto arudie Mputu, balikaa ku mukeka, bote wawili. Kapinga anafungua nywele ya tate wake Mbelu, pole pole, kamoja kamoja. Kule barabara camions ya mine, zenye kubeba mawe, zinapita, vumbi inapanda, jua inaingia mule mu vumbi, fasi yote inakuwa rangi ya shaba. Mi nilikuwa ku kiti, nusu ya usingizi. Mpaka leo sijui vizuri kama niliona ao niliota.

Mutoto akasema: "Na weye, unataka nini?"

Hakuna mutu alikuwa amemuuliza Mbelu ile neno hata siku moja. Mado alikuwa anaita ku lupango, hakumusikia. Akaweka kichwa ku magoti ya mutoto, akafunga meso. Sauti ikatoka ndogo, ya zamani, sauti mi sikuijua:

"Mama, leo mi nataka usinitume fasi yoyote."