Kitambaa Nilichofunikia Kompyuta

Nyumbani kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, viti vina vitambaa mgongoni na mikononi. Vyote nilivifuma mwenyewe. Tulipofika Durban tukitoka Kongo, miaka ya tisini ikielekea kwisha, tulilala juu ya maboksi, na kitu cha kwanza nilichonunua baada ya sufuria kilikuwa uzi mweupe. Watu waliokimbia vita si watu wa porini. Anayeingia aone.

Kwa hiyo mkamwana wangu alipoleta kompyuta kuukuu kutoka Pinetown, kwenye ofisi iliyokuwa ikifungwa, mimi niliona kwanza kwamba iko uchi. Binti huyo alikuwa anasuka nywele saluni chini ya jengo letu, lakini kule kwetu alisomea kupiga chapa, na sasa alitaka kuwachapia watu barua na karatasi za kanisa. Nilisema sawa. Nikafuma kitambaa kikubwa cha kuvalisha kioo na sanduku lake mpaka mezani, na kwa sababu vumbi la mjini hupita kwenye matundu ya uzi, nikakishonea bitana nzito ndani. Kilipendeza kama gauni la komunyo.

Basi mama mmoja wa kanisa letu akafiwa na mume. Mazishi Jumamosi. Alikuja kumwomba binti amchapie karatasi yenye maisha ya marehemu na nyimbo, watu washike mkononi makaburini, na moja amtumie mama mkwe wake kule nyumbani, ambaye hangeweza kuja kumzika mwanawe.

"Dada, usihangaike," binti akamwambia. "Hiyo niachie mimi."

Lakini printa ilikataa kufanya kazi mpaka kompyuta iongezewe programu mpya iliyokuwa kwenye sidi. Binti akaiweka. Mstari wa buluu ukaanza kujaa kwenye kioo, polepole kama maharage yanavyoiva, naye akashuka saluni. Mimi nikawaza vumbi. Nikaifunika.

Aliporudi, kioo kilikuwa cheusi. Alipoiwasha tena, mashine ikaanza kuweka programu ileile tangu mwanzo, na haikumruhusu kufanya jambo lingine.

"Iko inaanza upya, Mama."

"Umeigusa pabaya."

"Sijaigusa."

"Eish! Basi imejigusa yenyewe."

Akaiacha ikijaza, akaenda kazini, nikaifunika. Ikazimika. Kesho yake vilevile. Kila akirudi alikitoa kitambaa, akakikunja kona kwa kona, akakiweka kwenye kiti changu. Hilo liliniudhi. Nilimwambia nyumba hii si soko la Isipingo, kitu kilichofumwa kwa mkono hakitupwi kitini. "Ndiyo, Mama," akasema. Nikawaita hata mama wa maombi waiombee. Wakaweka mikono juu ya kitambaa, na mmoja akasema anasikia moto wa Roho.

Jumamosi asubuhi binti aliiwasha tena, akatangulia msibani kusaidia kupika. Nami nikaifunika, nikaenda kuvaa. Niliporudi niliinama kufunga kiatu, nikajishikiza kwenye lile sanduku, na mkono wangu ukaruka. Mimi nimepika tangu utotoni. Najua joto la sufuria iliyofungwa blanketi ili chakula kisipoe. Hicho ndicho nilichokuwa nikiifanyia mashine ya mtoto wa watu.

Nilikivua kitambaa. Kioo kilikuwa kimeshazima. Nikaketi na kilemba changu kichwani, nikangoja sanduku lipoe, nikabonyeza pale ninapomwona akibonyeza. Mstari wa buluu ukaenda, ukaenda, ukafika mwisho. Mashine ikafunguka, haina neno. Wakati huo marehemu alikuwa ameshashushwa.

Niliwakuta watu wamerudi msibani. Mjane alikuwa anamwambia binti mbele ya wanawake wote:

"Uliniahidi. Watu wamesimama kaburini mikono mitupu. Mama yake nitamtumia nini sasa? Mchanga?"

"Nisamehe, dada. Mashine ilinishinda."

Mwanamke mmoja akaguna. "Msusi na kompyuta, wapi na wapi."

Binti alitazama sakafu. Mimi nilikuwa na chai mdomoni. Nikaimeza, nikauliza sukari iko wapi. Hilo ndilo neno nililolipata.

Jioni aliikuta mashine imefunguka, na kitambaa kimekunjwa kwenye kiti chake. Hakuuliza. Alikaa akachapa. Ni mimi niliyeshindwa kunyamaza.

"Ulijua?"

"Aliyeniuzia alisema iachwe ipumue."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuwa nakikunja, Mama."

Kwetu mkamwana hasemi neno juu ya kazi ya mkono wa mama mkwe wake. Hilo nilimfundisha mwenyewe, kwa ukali, alipoingia tu nyumbani kwangu. Mlango mmoja ndio niliomwachia wa kunisemesha, akaupita kila siku, nami nikamgombeza kwa kuupita.

Jumapili baada ya ibada tulimpelekea mjane karatasi zake. Alisoma, akalia, akatenga ya mama mkwe wake. Nikasema mbele ya wote, "Binti hana kosa. Mimi ndiye niliyeifunika mashine ikashikwa na joto. Mimi ndiye niliyekunyima karatasi."

Mjane akanishika mikono yote miwili. "Mama, acha kumtetea! Tangu lini kitambaa kikaharibu kompyuta? Mama mkwe wa kubeba makosa ya mkamwana, mimi ningempata wapi?"

"Amina," wanawake wakasema. Nilirudia maneno yangu. Wakacheka, wakazidi kunisifu. Binti alisimama pembeni na bahasha tupu, akitazama sakafu kama siku ile ya mazishi.

Tukirudi tulisimama kwenye robot, tukingoja taa zituruhusu kuvuka. Hapo nikamwomba msamaha, mimi ambaye sikuwa nimewahi kumwomba mtoto msamaha.

"Ndiyo, Mama," akasema, kwa sauti ileile ya siku zote. Taa zikabadilika, tukavuka. Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alinitii tu.