Kitanda cha Derrick

Watu wa mradi wakija Kawangware huja na bango na sufuria ya wali. Bango la mwaka huo liliandikwa "Familia Imara", na wali ulipikwa nyuma ya kanisa moja la Gatina kila Jumamosi, kwa mzazi yeyote mwenye mtoto wa miaka kumi hadi kumi na nne. Sharti lilikuwa moja: mzazi na mtoto waje pamoja.

Mideva, tunayemwita Mama Derrick, jirani yangu wa mlango wa pili hapa mtaa wa 46, hakuufuata wali. Sisi wengine tuliufuata. Yeye ni msusi, na mwanawe Derrick alikuwa amelelewa na nyanya yake kijijini Chavakali tangu aache ziwa. Sasa kijana alikuwa na miaka kumi na mitatu, na Mideva alitaka aje Nairobi Desemba. Alikuwa ameshamnunulia kitanda cha chuma na shuka zenye picha za mipira, akakitandika nyuma ya pazia. Shida ni kwamba mtoto hakuwa na la kuongea naye. Akipigiwa simu anajibu "eeh", "eeh", kisha anampa nyanya. Mideva aliposikia kwamba kanisani wanafundisha namna ya kuzungumza na watoto wa umri huo, alitaka ajifunze kabla Derrick hajafika.

Mlangoni wakamuuliza mtoto yuko wapi. Akarudi kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, akaazima wa jirani.

Aliyeazimwa ni Mercyline, miaka kumi na miwili, binti wa Wanzala, fundi wa mawe aliyefiwa na mkewe. Wanzala alisema, "Mchukue tu, Mama Derrick. Angalau atakula." Wanawake wa ploti wakacheka: nguo ya kuazima haisitiri matako! Mideva akacheka nao, akamkalisha msichana chini, akamsuka mistari kama yake ili wafanane.

Mwalimu wetu alikuwa Ciru, msichana mpole aliyevaa viatu visivyofaa matope yetu. Sheria yake ilikuwa hii: mtoto akisema, mzazi asijibu upesi. Kwanza arudie, "Nimekusikia ukisema hivi na hivi." Mnacheka, lakini jaribuni. Mwanangu akisema kiatu kimetoboka, mimi tayari nimeshauliza nani amekitoboa. Darasa zima tulikuwa hivyo, isipokuwa Mideva. Labda yeye aliweza kwa sababu mtoto hakuwa wake, hawakuwa na hasira za zamani. Mercyline alianza kumwita Mum hata tukiwa njiani kurudi.

Jumamosi moja Ciru aliwaambia watoto waseme jambo ambalo hawajawahi kulisema nyumbani. Mercyline alisimama.

"Mum, sitaki kulala kwetu. Si eti Baba ni mbaya. Chumba ni kimoja na mimi nimekuwa mkubwa. Nikibadilisha nguo yeye hutoka nje, anasimama kwa baridi mpaka nimalize. Naskia vibaya. Nataka kulala kwako."

"Nimekusikia ukisema unataka kulala kwangu," Mideva akarudia. Akaongeza, "Mlango wangu hautafungwa kwako."

Tulipiga makofi. Ciru alifuta machozi, na mimi pia nililia, sikatai.

Ahadi ni deni, na hii ilikuwa na mashahidi kanisa zima. Jioni hiyo hiyo Mercyline alikunja yunifomu yake akaitia kwenye mfuko, na Wanzala akaja, kofia mkononi.

"Mama Derrick, ameniambia. Nashukuru sana. Hata mimi sikujua nifanye nini. Mchukue."

"Ngoja kwanza, Baba Mercyline," Mideva akasema. "Derrick anakuja Desemba. Kitanda ni chake. Tena kijana mkubwa na msichana, nitawalaza vipi? Ngoja afike, tutapanga."

Mercyline alikuwa nyuma ya babake na mfuko wake. Mimi nilikuwa nafua hapo hapo, nikasema waziwazi: mlaze mtoto leo, ya Derrick tutayajua Derrick akija. Mideva akaniambia niangalie nguo zangu.

Wanzala alingoja mpaka akachoka. Novemba alimpeleka msichana kwa dadake, Soweto West kule Kibera, ambaye alikuwa amejifungua na anahitaji mtu wa kushika mtoto. Alisema atasomea huko huko.

Desemba ikafika. Derrick akakataa kuja. Nyanya alipiga simu akasema kijana amejificha kwenye mahindi ya watu mpaka basi likaondoka. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Waongo! Huyu hakuwepo, na kitanda chake kilikuwepo, kimetandikwa, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukikalia. Nilimwambia Mideva amfuate Mercyline. Akasema ataenda wikendi. Wikendi ziko nyingi.

Mwezi wa tano Ciru alifungua darasa Kibera, akataka mzazi wa kutoa ushuhuda. Angemchukua nani mwingine? Kuhusu mtoto, Mideva alimwambia yuko shule ya bweni. Nilimsindikiza. Katika kanisa la mabati la Soweto West alisimama akaeleza jinsi yeye na bintiye walivyokuwa hawaongei, na jinsi wanavyoongea sasa. Alisema vizuri sana, Mungu amsamehe.

"Si yule ni Mercyline?" Ciru akapaza sauti.

Alikuwa mlangoni, amefuata kelele kama watoto wengine. Kichwa kimenyolewa, mgongoni ana mtoto amefungwa kwa leso. Ciru akamwita mbele kwa furaha, akauliza kama shule zimefungwa. Msichana alimtazama Mideva, akaelewa. Akaja akasimama kando yake, pale pale alipokuwa akisimama Gatina.

"Mum hunisikiza," alisema. "Nikisema kitu, yeye hurudia kwanza."

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Tulipotoka nje Mercyline alitufuata.

"Umekuja kunichukua?"

Mideva aliinama kuikaza leso, ambayo haikuwa imelegea.

"Derrick alikuja?" Mercyline akauliza.

"Hakuja."

Msichana akampandisha mtoto mgongoni.

"Kumbe kitanda kiko," akasema. Hakusema kwa hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

Nilisimama pale nikimngoja Mideva. Huyu ndiye aliyekuwa mwanafunzi bora wa darasa zima, na kazi ilikuwa kurudia tu maneno ya mtoto. Shangazi akaita kutoka ndani ya kichochoro, Mercyline akaondoka mbio, mtoto akirukaruka mgongoni. Mideva akaniuliza tutokee njia gani ili tusikanyage matope.