Ekru Iliyonipeleka Pweto

Nilikwenda Pweto kwa ajili ya ekru moja. Majirani wa Cité Albert waliponiona asubuhi ile na sanduku la vyuma begani na suti ya harusi mkononi, waliniuliza kama naenda kuoa au kutengeneza motokari. Nikawajibu ukweli: naenda kufanya yote mawili, na la kwanza linategemea la pili.

Wakati ule nilikuwa makaniki katika garaji ya Mgiriki mmoja hapa Élisabethville. Mchumba wangu, Felisita, alikuwa amesoma kwa masista mjini, kisha akarudi Pweto kwa wazazi wake kungoja harusi. Matangazo yalikwisha kusomwa kanisani, kwao na kwetu, na padri wa kule alikuwa ametupa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Halafu ikaja barua ya baba yake, Baba Kabwe, mchuuzi wa samaki wakavu. Kamyoneti yake ya kubebea samaki, aliandika, imelala uani tangu kiangazi. Gurudumu la nyuma lilikuwa likilia kama jiwe la kusagia, maana rulma imekufa, ile pete ya gololi inayolifanya gurudumu lizunguke laini. Rulma mpya anayo. Lakini kuifikia ile ya zamani lazima kwanza itoke ekru, nati kubwa ya katikati, na ekru hiyo imekwisha kuwashinda mafundi wanne. Barua ilimalizika hivi: "Mimi nilishaambia bantu bote kama mukwe yangu iko fundi ya Élisabethville. Kama ekru inakushinda, tutaongea tena mambo ya harusi kiisha Pasaka. Ao kiisha Pasaka ingine."

Niliisoma mara tatu na mara zote tatu nilicheka, kwa sababu ekru ilikuwa nini kwangu? Nilikuwa nafungua ekru kumi kabla ya chai. Nikaomba ruhusa ya siku kumi, nikakata karatasi ya njia, kibali cha kusafiri, kwa bwana mkubwa wa serikali, nikatafuta gari.

Jumatatu, jua lilipotoka, nilipanda kamyo ya Mzee Ramazani, mtu wa Maniema aliyekuwa akipeleka vitambaa na chumvi kando ya ziwa. Tulipita upande wa Luano, mji ukabaki nyuma na moshi wake, nami nikaanza kuimba. Niliimba mpaka Mzee Ramazani akanigeukia.

"Bwana harusi," akasema, "sauti yako inaharibu mashini yangu. Bibi anakupendea nini?"

"Ananipendea kazi ya mikono, Mzee."

"Basi nyamaza, utunze mikono."

Nilinyamaza labda kwa nusu saa.

Saa nane mchana mvua ilitukuta karibu na Kasomeno, pale njia ya Kasenga inapoachana na ile ya Pweto. Matope yalikuwa mekundu na mazito kama ugali. Kamyo ilizama mara nne, na mara nne nilivua viatu nikasukuma. Mara ya nne nilianguka kifudifudi. Nilipoinuka, Mzee Ramazani alinitazama kwa huruma, akasema afadhali suti ilibaki ndani ya gari. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, mzee mwenye kofia yake nyeupe na mimi mwenye uso wa udongo, katikati ya pori, gari likiwa bado limezama.

Jumanne jioni tulifika Kilwa, na ziwa likafunguka mbele yetu, pana na la rangi ya bati. Tulilala kwa jamaa zake Mzee. Walitupa wali na samaki mbichi, na waliposikia habari ya ekru, kila mmoja alitoa dawa yake. Mmoja alisema ni mafuta ya mawese, mwingine akasema mafuta ya taa. Bibi wa nyumba alisema maombi.

Jumatano adhuhuri tuliingia Pweto. Harufu ya samaki wanaokauka kwenye vichanja ilitupokea kabla ya watu. Baba Kabwe, mtu mfupi mwenye kifua kipana, alisimama mlangoni na kaptula yake iliyopigwa pasi.

"Jambo, mukwe."

"Jambo, baba."

"Njia ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa muzuri, baba. Matope tu njo ilikuwa mingi."

"Muzuri. Ekru iko kule."

Hata maji ya kunywa yalikuja baadaye.

Niliinama mbele ya gurudumu lile la nyuma, la upande wa kushoto, na kicheko kikaniisha. Mafundi wanne walikuwa wameipiga ekru kwa nyundo na tindo hata pembe zake zikaviringana, na kutu ya mvua imeifunika yote pamoja na ncha ya ekseli. Nyuma yangu watu walikuwa wanakusanyika. Felisita alisimama kwenye mlango wa jiko na kitenge chake cha buluu. Alinitupia jicho moja tu, akainamisha kichwa kwa heshima ya baba yake. Jicho lile lilinitosha kusahau nusu ya ufundi wangu.

Na kulikuwa na tabu nyingine. Kwa desturi yao, mwanamume haonani uso kwa uso na mama mkwe wake mpaka afunguliwe kwa zawadi. Mama Kabwe, mama mrefu mwenye mwili, alikuwa na kazi zake uani. Kila alipopita kwenda kwenye vichanja, mtu alikohoa, nami nilijitupa chini ya gari. Aliporudi, kikohozi tena, nami tena chini. Siku ile niliiona kamyoneti zaidi kwa chini kuliko kwa juu.

Alhamisi asubuhi nilianza vita. Nilichonga pembe za ekru kwa tupa mpaka kle, ile spana kubwa ya garaji, ikashika vizuri. Nikamimina mafuta ya taa, nikangoja. Nikavika bomba refu la chuma kwenye mkono wa kle, upande wa mbele wa gari, tukavuta kwenda chini, mimi na vijana watatu. Ekru haikusema neno. Tukaweka mawe mbele ya magurudumu na wanaume sita ndani ya gari wawe uzito. Tukaning'inia wote kwenye bomba. Sasa kitu kikatembea, watu wakapiga kelele, lakini kilichotembea kilikuwa gari lenyewe. Lilipanda jiwe, likashuka, likaenda mbele hatua mbili na wanaume wake sita, likasimama mbele ya chungu cha Mama Kabwe. Niliruka chini ya gari bila kungoja kikohozi.

Uwanja wote ulicheka. Baba Kabwe peke yake hakucheka.

"Bale ingine banne," akasema pole pole, "hata hawakuendesha motokari mu jiko ya bibi yangu."

Mchana ule nililala chali chini ya kamyoneti, si kwa kumkwepa mtu, ila kwa aibu. Nilihesabu siku. Ijumaa, halafu Jumamosi, halafu Kwaresima. Nikiwa vile niliona miguu ya Felisita ikija, na mkono wake ukashuka na bakuli la majivu na nusu za ndimu, vitu anavyosugulia visu vya samaki. Alipiga magoti kando ya gurudumu akaanza kusugua ile ncha ya ekseli inayotokeza katikati ya ekru. Baba yake alikuwa akitazama, akamwacha.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na gurudumu: "Poli, hii G iko nini?"

Nilitoka chini nikapiga kichwa kwenye chuma. Pale mafundi wote tulipoona kutu, palikuwa na herufi moja ndogo iliyogongwa kiwandani.

"G?" nikasema kama mjinga.

"*Gauche*. Kushoto." Sasa alinitazama. "Hii gurudumu iko ya kushoto, kila muntu anaona. Juu ya nini bataandika kushoto ku ekseli, kama haina na njia yake?"

Nilikaa chini matopeni nikaanza kucheka, na nilishindwa kuacha. Ekru mbili za namna ile nilikuwa nimeziona garajini kwa macho yangu! Katika gari nyingine, ekru ya upande wa kushoto hukatwa meno ya kinyume, ili gurudumu likizunguka isijifungue. Ya kawaida hufunguka kwenda kushoto. Hii hufunguka kwenda kulia. Mafundi wanne, na mimi wa tano na wanaume wangu sita, tulikuwa tumeikaza tu, wiki baada ya wiki, kwa nguvu zetu zote.

"Baba," nikaita, "banne balikuwa banafunga! Na mimi nilifunga zaidi!"

Ijumaa asubuhi tulilihamisha bomba kutoka upande wa pua ya gari kwenda upande wa mkia, mawe tukayaweka nyuma. Lakini ekru iliyokazwa na watu wengi vile haitoki kwa sababu tu umejua njia. Mzee Ramazani, aliyekuwa ameahirisha kuondoka ili aone mwisho, alitoboa debe, akalijaza makaa, akalitundika mbele ya ekru akapepea mpaka chuma kikabadilika rangi. Nikagusisha mshumaa, nta ikayeyuka ikanywewa ndani ya meno. Tukangoja kidogo. Tukashika bomba: mimi mbele, uso kwenye gurudumu, vijana nyuma yangu, Mzee na kofia yake nyuma yao.

"Moja, mbili, vuta!"

Bado.

"Moja, mbili, vuta!"

Bomba lilipinda kidogo. Nilisikia nyuma yangu mtu mwingine akija, mwenye pumzi nzito, akishika mwisho wa bomba. Sikugeuka.

"Vuta!"

Ekru ililia. Ilitoa sauti moja kali ya kwikwi, watu wote wakaanguka chini kama maharage kutoka mfukoni, na bomba likatupiga migongoni. Nilijivuta kutoka kwenye rundo, nikageuka nimkumbatie yule wa mwisho aliyetuokoa. Nikajikuta pua kwa pua na Mama Kabwe.

Hapakuwa na nafasi ya kuingia chini ya gari. Tulitazamana. Kisha akaanza kutikisika, mabega kwanza, halafu tumbo, halafu kicheko chake kikatoka na uwanja mzima ukafuata, hata Baba Kabwe, aliyejishika kwenye mlango wa kamyoneti huku machozi yakimtoka.

"Ni mwisho!" Mama alipiga kelele. "Tulishaonana! Baba Felisita, toa kuku, nimufungue huyu mutoto mbele ya mambo kuharibika!"

Kuku akaja, nikapewa mikononi, akanichafua suruali, nikafunguliwa.

Baba Kabwe alipofuta macho alirudi kwenye neno lake. "Sasa. Niliandika ku barua. Nani alitoa ekru?"

Ningeweza kusema ni mimi. "Baba, nisikudanganye. Felisita njo aliona njia. Mzee alileta moto. Mama alileta uzito. Mimi nilileta kle tu."

Aliigeuza ekru mkononi kwa kitambaa kwa kuwa ilikuwa bado moto. "Basi jamaa yangu yote njo ilitoa," akasema. "Na weye ulikuwa mule ndani."

Mchana ule kazi iliyobaki ilikuwa mteremko. Rulma ya zamani ilitoka vipande vipande. Mpya iliingia na grisi yake, ekru ikarudi kwa njia yake ya kinyume, na Felisita ndiye aliyepitisha pini ya kuifunga.

Jumamosi padri alitubariki, na kamyoneti ilitupeleka kutoka kanisani polepole, watu wakikimbia pembeni.

Jumatatu tulirudi kwa kamyoneti ile ile, imejaa samaki wa baba wa kuuza sokoni Élisabethville. Kila tuliposimama, Kilwa, Kasomeno, hata pale nilipoanguka, nilishuka nikagusa kitovu cha gurudumu, maana rulma mbaya hujitangaza kwa joto.

Nilichojifunza si kikubwa: kabla hujavuta, safisha uone, na muulize aliyesimama pembeni. Tulipoona moshi wa mji nilisimamisha gari mara ya mwisho, lakini Felisita alinizuia mkono, akashuka yeye, akaweka kiganja chake juu ya chuma.

"Baridi," akasema. "Twende kwetu."