Aliyenishikia Kamba

Kazi yangu ilikuwa kukwea. Nilikwea minazi ya watu hapa kisiwani Amu, na mti mkubwa ukioza ukatishia kuangukia nyumba, niliitwa kuuondoa kipande kwa kipande, kuanzia juu. Kabla ya kupanda nilipaza sauti kutangaza kuwa mkwezi yuko juu, ili wanawake wa nyumba za jirani wajisitiri. Kwa hiyo kila nilipofika kileleni niliziona nyua zikiwa tupu: chungu mekoni, ukili uliosukwa nusu, nguo zilizoanikwa. Nilizijua nyua za mtaa mzima, na watu wake sikuwajua.

Miaka mingi tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu. Mimi juu, yeye chini na kamba. Vita vilipokuja alichukuliwa kwenda bara kubeba mizigo ya askari, na habari zake hazikurudi. Nikabaki katika chumba tulichokuwa tukilala, mkeka wake nimeukunja na kuusimamisha ukutani. Kuna siku nilirudi kutoka kazini nikagundua kuwa tangu alfajiri sijasema neno na mtu, ila salamu msikitini na ule mwito wa kukwea.

Bila yeye kazi ilikuwa nzito. Tawi lililooza haliachwi lianguke lenyewe. Unalifunga kamba, unaipitisha kamba kwenye panda nzima ya matawi iliyo juu yake, na mtu wa chini anauzungusha mkia wa kamba kwenye shina la mti ulio karibu na kuulegeza polepole. Mimi nilikuwa naufunga mkia kwenye shina, napanda, nakata, nashuka, nateremsha tawi, kisha napanda tena.

Ndivyo nilivyoanza siku niliyoitwa kwa bibi mmoja mjane, aliyeishi peke yake katika nyumba ya makuti. Mkwaju wa uwani kwake ulikuwa umeoza upande mmoja, na matawi yake yalilala juu ya paa. Nilipotangaza, majirani waliingia ndani. Yeye alibaki ameketi juu ya kibago chake kifupi.

"Mkwezi yuko juu, Bi," nilimwambia.

"Nimesikia. Mimi ni mzee, mwanangu, sina cha kukimbilia ndani. Panda."

Kabla ya kupanda niliikagua kamba, nikakuta mahali pamelika. Nikakata hapo, nikakaa chini kuziunga ncha mbili. Kamba ya kazi hii haifungwi fundo, maana fundo hukwama kwenye panda. Unazifumua ncha, unasuka nyuzi za huku ndani ya nyuzi za kule, na kila ukisuka unakaza. Ncha moja nilikuwa nimeibana kwa kidole gumba cha mguu.

"Zamani mlikuwa wawili," alisema. "Nikizisikia sauti zenu minazini. Nduyo yuwapi?"

"Amekwenda bara, vitani."

"Hajarudi?"

"Hajarudi."

Aliinuka, akaketi mchangani mbele yangu, akaitoa ile ncha mguuni mwangu na kuivuta kwake. Tukasuka mpaka kamba ikawa moja.

Nilipopanda na kushuka mara kadhaa, akaniambia nimwonyeshe namna ya kuushika mkia. Nilikataa. Akauliza kama ule mnazi wa uwani niliouzungushia kamba ndio unaobeba uzito, au ni mkono. Nikamwambia ni mnazi, mkono ni wa kulegeza tu. "Basi mkono ninao," akasema. Nikamwonyesha.

Matawi madogo yalishuka vizuri. La mwisho lilikuwa lile nene lililolala juu ya chumba alichokuwa akilala. Ndani lilikuwa na uwazi uliojaa maji ya mvua, nami sikulijua hilo mpaka msumeno ulipofika katikati. Lilikatika kabla sijamwambia ajiweke tayari. Kamba ilikwenda mbio juu ya panda, nikaiona sehemu tuliyoiunga ikipita mbele ya macho yangu. Kisha ikasimama. Tawi lilining'inia karibu na paa, likizunguka taratibu na kumwaga maji meusi juu ya makuti.

Nilitazama chini. Alikuwa ameketi mchangani, miguu ameikaza kwenye shina la mnazi, kamba ameikumbatia kifuani.

"Usiachie, Bi."

"Siachii. Shuka kwa utaratibu."

Nilishuka, nikaichukua kamba, nikaliteremsha tawi. Viganja vyake vilikuwa vimechunika. Nilimletea maji, akanawa, kisha akaniuliza kama nimekula. Siku ile nilikula wali na samaki uwani kwake, na tulizungumza mpaka adhana ya laasiri.

Baada ya hapo nilikuwa nikipita kwake na madafu au kuni. Alikuwa akiniuliza kuhusu kaka yangu, chakula alichopenda, na namna alivyocheka. Hakuna mwengine aliyeniuliza.

Kabla ya Ramadhani mpwawe alikuja kumchukua akaishi naye Kiunga. Nilimbebea sanduku lake hadi kwenye mashua.

"Tafuta mtu wa kukushikia kamba," aliniambia.

"Nitatafuta, Bi."

Sikutafuta. Mahali pale chini palikuwa pa kaka yangu, kisha pa Bi. Wako waliokuja kutaka kazi, nami nilimwambia kila mmoja kuwa nimezoea hivi. Nikaendelea kupanda na kushuka mwenyewe, na mti uliokuwa wa siku moja kwa watu wawili ukanichukua tatu.