Tezi za Mbwa wa Baba

Baba alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba moja ya ufukweni, Diani. Mwenye nyumba, bibi wa Kizungu, alipozeeka wanawe walimrudisha kwao, na mbwa wake akabaki. Alikuwa mbwa mdogo mnene, wa miguu mifupi, na hakuna aliyemtaka. Baba akaja naye nyumbani Msambweni ndani ya kikapu.

Mama alisimama mlangoni. "Baba watoto, huyo ndani haingii."

"Hataingia. Atalala bandani na mbuzi."

Akalala na mbuzi, na kwa miezi kadhaa tukaishi kwa amani. Kisha akaanza kujiburura. Aliketi uani, akainua miguu ya nyuma, akajivuta kwa ile ya mbele, makalio yakisugua mchanga ambao nilikuwa nimetoka kuufagia. Majirani walicheka. Mmoja alisema ni minyoo, na baba akanunua dawa ya minyoo. Haikusaidia kitu.

Harufu ikafuata. Mama aliamka akidhani kuna samaki ameoza jikoni. Alitoa vyungu vyote nje, akavisugua, akaosha hata kinu. Harufu ikabaki pale pale. Asubuhi ya tatu nikamkuta mbwa amejikunja bandani, pembeni ya mkia pamevimba, panatoka usaha na damu. Hakunibwekea. Nilimwita baba kwa sauti iliyomfanya hata mama atoke mbio.

Tulipanda bodaboda mpaka Ukunda, mimi nimepakata kikapu. Daktari wa mifugo alikuwa dada kijana mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wangu ndiye huyu."

Alitueleza kwamba kila mbwa ana tezi mbili, vifuko vidogo, kimoja kila upande wa njia ya haja, vyenye majimaji yanayonuka. Kwa kawaida hujikamua mbwa anapopata choo. Vya huyu vilikuwa vimeziba, na kimoja kikageuka jipu. Alilisafisha, akamchoma sindano, akatupa vidonge.

"Likipona mrudisheni, niwafundishe kumkamua. Si kila mara, ni pale mtakapomwona anajiburura tena. Na mchanganyieni boga kwenye chakula, apate choo kizuri. Nani atakayemkamua?"

Nilitazama sakafu. Baba alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini, kanzu yake haikukosa pasi.

"Mimi," akasema.

Jioni ile alikwenda kumwuliza shehe wetu. Alirudi anatabasamu. Shehe alikuwa amemwambia kwamba kumhudumia mnyama mgonjwa kuna thawabu, na najisi ina maji yake.

Basi hivyo ndivyo tulivyoishi. Kila baada ya wiki kadhaa, baba alivaa shuka kuukuu na glavu, nami nikashika kichwa cha mbwa. Alibonyeza taratibu kwa vidole viwili, uso ameugeuzia upande wa barabara, akisema, "Vumilia, bwana. Vumilia kidogo." Sikujua anamwambia mbwa au anajiambia mwenyewe. Tulipomaliza alikwenda nyuma ya choo akanawa mara saba, ya kwanza kwa udongo, akaoga, ndipo akaenda kuswali. Mbwa naye alizunguka ua mbio kama ndama aliyefunguliwa kamba.

Siku moja nilimkuta mama anaponda boga kwenye sufuria ndogo.

"Unampikia mbwa?"

"Nampikia mume wangu," akajibu, "apumzike hiyo kazi."

Boga lilisaidia. Wiki zikawa miezi. Nilikwenda chuoni Mombasa, na kila nilipopiga simu, baada ya salamu niliuliza, "Anajiburura?" Baba akacheka, akaniambia habari za mbwa kabla ya habari za ndugu zangu.

Mbwa alikufa kwa uzee, usingizini, miongoni mwa mbuzi. Nilikuwa nimekuja likizo. Baba alimchimbia kaburi nyuma ya migomba, kisha akakaa uani peke yake kwa muda mrefu. Mama alimtazama kutoka jikoni. Akamimina chai vikombe viwili, akatoka, akaketi karibu naye mkekani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mchana. Mimi nilibaki jikoni, nikawaacha.