Mstari Mmoja Kabla ya Harusi

Nafanya kazi ya maabara katika zahanati ndogo karibu na Kaloleni, Kisumu. Kutwa nachoma watu vidole. Kanisa letu halifungishi ndoa mpaka wachumba walete vyeti vya kupimwa virusi vya Ukimwi, kwa hiyo wiki mbili kabla ya harusi nilimpima mchumba wangu mwenyewe. Wenzangu walinicheka. Niliwaambia sipangi foleni kwenye chumba changu.

Mstari mmoja: hana. Nikajaza cheti, tukaenda kunywa soda.

Alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye homa. Wiki nzima alilala kwa mama yake, kijijini Katito, koo linauma, vipele kifuani, na mama akamnunulia dawa za malaria. Kwetu ukiwa na homa una malaria, basi. Hakuna anayeuliza swali la pili. Hata mimi, niliyesomea! Nilijua vizuri kwamba kipimo kile hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili, silaha ambazo mwili hutengeneza kupambana navyo. Siku za mwanzo, virusi vikizaana kwa fujo, silaha hizo bado hazijatosha, tena virusi vinaua seli zilezile zinazosaidia kuzitengeneza. Damu imejaa ugonjwa, kipimo kinasema safi.

Wagonjwa wengine nawaambia kila siku: ukipimwa baada ya homa ya namna hiyo, rudi tena baada ya wiki kadhaa. Yeye sikumwambia. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshapelekwa kwetu, kadi zimegawiwa, na niliona haya kumtilia shaka. Upumbavu mtupu.

Mwaka uliofuata, kliniki ya wajawazito, muuguzi alikitazama kipimo changu muda mrefu mno. Nikakivuta nione mwenyewe. Mistari miwili. Nilianza dawa siku hiyohiyo, na mtoto wetu alizaliwa salama. Mume wangu aliupata wapi? Alinieleza baadaye, nami nilikasirika miezi mingi. Bado nakasirika.

Lakini siku ile nilipomwambia, hakukana wala hakuomba msamaha.

"Haiwezekani," akasema. "Si ulinipima wewe?"

Hakuwa akinilaumu. Kabla ya harusi alikuwa na wasiwasi, na ni mimi niliyemtoa wasiwasi huo.