Atis hakutaka disko kwenye matanga yake

Siwezi kuandika "marehemu Atieno". Vidole vinakataa. Juzi tulikuwa tunacheka kwa simu, jana nikiwa katikati ya shift naambiwa pressure imemchukua. Atis wetu! Yawa!

Mtoto ananyonya, naandika kwa mkono mmoja. Mnisamehe makosa.

Nyinyi wa Migori mliozaliwa juzi hamjui. Miaka ya tisini starehe yetu ilikuwa banda la mabati nyuma ya soko: TV moja, deki moja, na jenereta iliyopiga kelele kushinda filamu. Hakuna aliyesikia neno. Kwa hivyo Atis, dadake mwenye banda, alisimama kando ya TV akatuambia wanasema nini.

Kumbe hata yeye hakusikia! Alikuwa anatunga tu. Jambazi wa filamu, Atis alisema ni mnunuzi wa tumbaku kutoka Kehancha, na wazee waliouza majani yao kwa hasara wakasimama kumtukana kwenye kioo.

Mama yangu, Msabato kabisa, alikuja siku moja na fimbo kunitoa. Akakwama mlangoni. Baadaye nasikia, "Atieno, huyo mwanamke amekufa ama anajifanya?"

"Keti, min Beryl," yaani mama Beryl, "utajua."

Mama akaketi.

Ni sauti hiyo iliyofanya wampe Atis maiki ya disko matanga. Kwa wasiojua: mtu akifa, muziki unapigwa nyumbani kwake kuchanga pesa za mazishi. Mwanaume anatoa pesa, anamtaja msichana, na msichana anainuka kucheza naye. Akikataa, anaambiwa hana huruma na wafiwa.

Nilikuwa darasa la saba. Jua hata halijazama. Mzee mmoja, rika la baba yangu, akaweka pesa mezani. "Yule wa sketi ya shule."

Sikuwa na sketi nyingine.

Atis kwa maiki: "Huyo hachezi."

"Nimelipa!"

"Umelipia jeneza, baba. Hujalipia mtoto wa mtu. Chukua pesa yako."

Watu wakamzomea. Mwenye muziki akamnyang'anya maiki. Atis akanishika mkono tukatembea hadi kwetu, njia nzima ananiuliza habari ya hesabu na mwalimu wangu, kama vile hakuna kitu kimetokea.

Hawakumwita tena. Na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Walisema ana kiburi, wakasema hivyo mpaka alipoolewa huko Homa Bay.

Mwaka jana alipougua aliniambia, "Beryl, siku yangu ikifika imbeni, lieni, semeni uongo wowote mzuri kunihusu. Disko sitaki. Achieng' atakuwa hapo."

Achieng' ni binti yake. Sasa hivi ana umri niliokuwa nao siku ile.

Leo asubuhi naona tangazo kwenye group ya mazishi: disko Ijumaa, wote karibuni. Nimempigia shemeji yake.

"Shem, alisema hataki."

"Beryl, marehemu hanunui unga. Watu watakula nini?"

"Unga nitaleta. Nitapika mwenyewe, na mtoto mgongoni."

"Wewe si wa hii boma."

Akakata simu.

Ni kweli, mimi si wa boma hiyo. Ndiyo maana naandika hapa mbele ya watu wote. Shem, najua jeneza ni gharama, najua ndugu yako hana kazi. Sikutukani. Lakini sitanyamaza.

Wewe uliyewahi kucheka kwa sababu ya Atis, leta pesa ambazo ungetoa kwa disko, zisaidie jeneza. Au mchele, sukari, maharagwe, kuni. Kama huna, njoo na viti. Kina mama wa choir, njooni mapema mtujazie uwanja, pasibaki mahali pa kuweka spika.

Achieng' nimeongea naye. Ameniuliza, "Auntie, wakiniita nifanye nini?" Nimemwambia asiinuke. Atakaa kando yangu tangu Ijumaa mchana, na anayemtaka aanze na mimi.

Atis, nimechoka, sijalala vizuri tangu huyu mtoto azaliwe, na watu wa kwenu wananiogopesha. Lakini nakuja. Lala bila wasiwasi, dada yangu. Hakuna atakayemchezesha mtoto wako.